Pikipiki Kuukuu na Nguvu Zake

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya kusoma, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: pistoni, ringi, silinda, krenki, sili, jeti, mshale.

Ninyi mlioketi darasani Manyoni, Itigi, Ikungi, Kiomboi na Nduguti, sogezeni viti karibu, maana somo la leo lina hesabu ndani yake, tena lina habari ya chombo ambacho wengi wenu mnakijua kwa mlio wake kabla ya kukiona kwa macho.

Nasema habari ya zile pikipiki za zamani zitoazo moshi wa buluu na harufu ya oili. Mabwana shamba walizipanda, na mabwana mifugo, na waganga, na wachungaji wa makanisa. Zilizojulikana sana ni Yamaha AG100 na Yamaha DT125. Zilipochakaa ziliuzwa, zikapita mikono mingi, na leo nyingine zimeegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wamezifanya kitanda. Sasa kijana wa nyumbani akiitazama ile pikipiki moyo wake humwambia: naweza kuifufua. Tena asema: nikisha kuifufua, nitaitia nguvu kuliko ilivyokuwa mpya.

Yote mawili yawezekana. Lakini injini ya namna hii ina tabia moja ambayo huna budi kuijua kabla hujashika spana. Ikikosewa, haidhoofiki pole pole ikakupa nafasi ya kufikiri. Pistoni hushikwa ndani ya silinda ghafula, na gurudumu la nyuma husimama papo hapo, ingawa pikipiki yenyewe yakimbia. Ukiwa umempakia mkeo na mtoto katika mteremko wa Sekenke, hilo si jambo dogo. Kwa sababu hiyo leo tutakwenda hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Injini ya bodaboda nyingi za siku hizi ni ya mapigo manne: pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto huwaka mara moja. Injini yetu ya leo ni ya mapigo mawili, na mafundi huiita tu-stroki. Hii kila pistoni ipandapo, moto huwaka. Haina vali za juu kama ile nyingine. Badala ya vali ina madirisha yaliyokatwa katika ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikipanda hufunga, ikishuka hufungua.

Mmepata kumwona mhunzi na mivukuto yake. Akiinua ngozi, hewa huingia. Akiikandamiza, hewa hutoka kwa nguvu kwenda motoni. Chumba kilicho chini ya pistoni, ambamo krenki huzunguka, ndicho mivukuto ya injini hii. Pistoni ikipanda, hewa na petroli huvutwa kuingia chumba hicho. Ikishuka, hukandamizwa na kupanda juu kwa kupitia madirisha ya pembeni, nazo zinausukuma moshi uliokwisha ungua utoke kwa dirisha la bomba. Mskoti Dugald Clerk alitengeneza injini ya mapigo mawili karibu na mwaka 1880, lakini ilihitaji pampu yake ya pekee. Mwingereza, Joseph Day, mwaka 1891 alipata shauri la kuutumia ule upande wa chini wa pistoni kuwa pampu. Shauri lake ndilo lililomo katika pikipiki yako hata leo.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndiyo shina la somo zima. Kwa kuwa chumba cha krenki ni mivukuto, kisipofungwa vema injini hainyonyi sawasawa. Na kwa kuwa petroli hupita mumo humo, hakuwezi kuwamo oili ya kukaa chini kama katika bodaboda. Oili ya krenki na pistoni huja pamoja na petroli. Ama huchanganywa ndani ya tangi, ama huletwa na pampu ndogo. Hapo ndipo penye hatari: petroli ikipungua, oili nayo hupungua, na wakati huo huo joto huzidi.

Haya, fungueni injini. Kichwa kimetoka, silinda imeng'olewa, na pistoni mbovu iko mkononi mwako. Watu wengi huitupa jalalani, wakaenda kununua mpya. Usiitupe! Pistoni mbovu ni barua. Isome kwanza.

Uso wake wa juu ukiwa na tundu katikati, au umeliwa kama uliotafunwa na panya, moto ulikuwa unawaka kabla ya wakati wake: platini zilitegwa vibaya, au plagi ilikuwa ya moto kupita kiasi, au petroli ilikuwa mbaya. Mikwaruzo mirefu ikiwa upande wa dirisha la moshi tu, injini ilipata joto mno, na mara nyingi sababu yake ni hewa nyingi na petroli haba. Mikwaruzo ikiwa mahali panne kuizunguka pistoni, basi ilivimba upesi kuliko silinda: ama nafasi iliyoachwa ilikuwa ndogo, ama mwenyewe aliiwasha asubuhi ya baridi, tena akaondoka mbio bila kuiacha ipate joto. Na upande wa nyuma, unakoingilia hewa, ukiwa umefifia rangi na kusuguliwa kama kwa msasa, hilo ni vumbi. Watu wa Singida mwaijua kazi ya vumbi. Tangu Mei hata mvua zinyeshe, upepo huinua mchanga barabarani, na chujio la hewa lililopasuka huupeleka mchanga huo moja kwa moja ndani ya silinda.

Tuchukue mfano. Mtu ameshikwa na pistoni. Akanunua mpya, akaitia, akaenda majuma mawili, ikashika tena. Akanunua ya pili, na yale yale yakampata. Sasa amlaumu muuza duka kwa kumpa pistoni ya bandia. Huenda ndivyo, bandia zipo nyingi. Lakini kama mikwaruzo yote ilikuwa upande wa dirisha la moshi, na jeti ya kabureta ni ile ile iliyotoka kiwandani, mimi ningezitazama sili za krenki kabla ya kumtazama muuza duka. Sili ni pete mbili za mpira, moja kila mwisho wa krenki. Pikipiki ikikaa miaka bila kuwashwa, mpira hukauka na kuwa mgumu. Hewa huingilia hapo bila kupita kabureta, yaani bila petroli na bila oili. Fedha ya pistoni tatu imepotea kwa ajili ya vipande viwili vya mpira.

Kuzipima ni rahisi, hata kijijini. Funga mlango wa kabureta na mlango wa bomba kwa vipande vya tairi la ndani la baiskeli, ukivibana vema. Kaza plagi mahali pake. Katika kimoja cha vizibo hivyo acha tundu lenye vali ya baiskeli, kisha pampu pole pole. Usitie nguvu nyingi: kiasi cha ratili 6 kwa inchi ya mraba chatosha, maana ukizidisha waweza kuzitoa sili zenyewe. Halafu paka povu la sabuni kila mahali: shinani pa silinda, kichwani, na penye sili zote mbili. Mapovu yakivimba, umempata mwizi. Sili ya upande wa klachi imefichika ndani ya oili ya gia. Upande huo tazama kama mapovu yanatoka kwa tundu la kujazia oili. Upepo ukidumu dakika kadhaa bila kushuka, waweza kuendelea na kazi.

Kabla ya hapo umekwisha pima krenki. Shika konrodi, ivute moja kwa moja juu na kuisukuma chini. Ikiwa yacheza juu na chini, hata kidogo, beringi yake imekwisha. Kuyumba kidogo kwa pembeni hakudhuru. Kazi ya kubadili konrodi yataka mashine ya kukandamiza na mtu ajuaye kuinyoosha krenki. Usiipigie nyundo nyumbani.

Sasa silinda. Ikiwa imekwaruzika au kuliwa, hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupanua tundu, na hutiwa pistoni kubwa kidogo. Pistoni hizo huuzwa kwa namba: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Namba hizo ni milimita zilizoongezwa katika upana, na mara nyingi zimechorwa juu ya pistoni yenyewe. Mjifunzaji wa kusoma namba asipite hapo haraka, maana pistoni ya 0.50 katika silinda iliyopanuliwa kwa 0.75 itagonga kama mchi kinuni, na ya 0.75 katika silinda ya 0.50 haitaingia. Nunua pistoni kwanza, kisha mpelekee fundi pamoja na silinda, aipime hiyo hiyo. Nafasi itakiwayo kati ya pistoni na ukuta ni ndogo sana. Kwa injini hizi ndogo zipozwazo na upepo huwa karibu na sehemu 4 za mia za milimita moja. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Kitabu cha injini yako kina namba yake kamili.

Wako wanaodhani kwamba kupanua silinda ndiko kuongeza nguvu. Tufanye hesabu, tuone. Silinda ya DT125 ina upana wa milimita 56, na pistoni husafiri milimita 50. Nusu ya 56 ni 28. Zidisha 28 kwa 28, upate 784. Zidisha kwa 3.14, kisha kwa 50. Jibu ni milimita za ujazo 123,088, yaani sentimita za ujazo 123. Sasa ipanue milimita nzima, iwe 57. Fanyeni wenyewe, mtapata sentimita kama 127 na nusu. Tumeongeza 4 na nusu tu! Mtu akikuambia pikipiki yako itaruka kwa ajili ya hiyo, jua kwamba anauza maneno.

Silinda ikirudi kutoka kwa fundi, pitisha kidole katika kingo za madirisha. Ni kali kama wembe? Basi kazi haijakwisha. Ringi hupita mbele ya madirisha hayo maelfu ya mara kila dakika, na kila ipitapo hutaka kuchungulia nje. Kingo kali huikamata na kuivunja. Kingo zote hazina budi kuviringishwa kidogo kwa tupa ndogo na msasa laini. Kisha silinda ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikitoka ndani kibaki cheupe, halafu ipakwe oili mara moja isipate kutu. Petroli peke yake haitoi unga wa kusagia. Jambo hili dogo laachwa na mafundi wengi, nami sijui ni kwa haraka au kwa uvivu.

Wakati wa kuunganisha, someni alama. Juu ya pistoni pana mshale, nao hutazama mbele, kwenye dirisha la moshi. Ringi ina herufi au namba ndogo karibu na mwisho wake, na upande wenye herufi hukaa juu. Ndani ya mfereji wa ringi pana kijiti kidogo cha chuma. Miisho miwili ya ringi hukutana hapo penye kijiti, si mahali pengine. Ukigeuza pistoni kinyume, miisho hiyo huenda kupita mbele ya dirisha, ikanasa, na injini mpya ikavunjika kabla hujafika sokoni.

Basi imefufuka. Tuje kwenye hiyo tamaa ya pili, ya kuiongeza nguvu.

Katika habari za injini hizi kuna jina moja lenye kustahili kujulikana: Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ katika Ujerumani ya Mashariki. Nchi ilikuwa na upungufu wa kila kitu, lakini yeye katika miaka ya 1950 alichunguza bomba la moshi kuliko mtu yeyote aliyemtangulia. Hata kufika mwaka 1961, injini yake ya sentimita 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Kabla ya hapo hapakuwa na injini inyonyayo hewa yenyewe iliyopata kutoa nguvu za farasi 200 kwa kila lita. Mwaka huo huo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano huko Sweden, akaenda kwa Suzuki wa Japani na maarifa hayo, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50. Ndivyo elimu isafirivyo, mara nyingine bila ruhusa.

Kaaden alifanya nini? Nendeni penye yale mawe makubwa ya Singida, mpige kelele. Sauti huenda, hugonga jiwe, hurudi. Moshi utokapo katika silinda hupiga kelele ndani ya bomba. Bomba likipanuka kisha likafinywa tena mwishoni, ile kelele hugonga penye kufinywa na kurudi kama mwangwi. Sasa, injini ya mapigo mawili ina dosari: hewa mpya na petroli vikiingia, sehemu yake huponyoka kwa dirisha la moshi kabla halijafungwa. Mwangwi ukirudi wakati ule ule, huisukuma petroli iliyoponyoka irudi ndani. Injini hupata shibe ya bure.

Lakini mwangwi una wakati wake. Bomba la urefu fulani hurudisha mwangwi barabara kwa mwendo mmoja wa injini tu, na mwendo ulio jirani nao. Chini ya hapo mwangwi huwahi, ukawa kizuizi. Ndiyo sababu pikipiki ya mashindano hulia kama nzi na haina nguvu mpaka injini izunguke kwa kasi kubwa. Huko Marekani watu hupenda kufufua pikipiki za magurudumu manne za namna hii, kama Yamaha Banshee yenye silinda mbili, iliyouzwa huko tangu 1987 hadi 2006. Huinua madirisha kwa tupa, hutia mabomba ya Kaaden, huruka nazo juu ya vilima vya mchanga siku ya mapumziko, na injini ikichoka huifungua tena. Ni mchezo, nao wana fedha ya mchezo.

Wewe wataka nini? Wataka kutoka Mtinko ukiwa na gunia la alizeti, au matenga ya kuku, au vitunguu, upite katika mchanga na kupanda kilima bila kushuka kusukuma. Hiyo ni nguvu ya chini, nguvu ya kuvuta. Bomba la mashindano litakunyang'anya nguvu hiyo hiyo. Tena dirisha la moshi likipandishwa milimita moja kwa tupa, hakuna tupa ya kulirudisha. Kwa shauri langu, acha madirisha katika kimo chake. Ondoa tu ngazi zilizoachwa na kiwanda pale silinda na gasketi na chumba cha krenki vinapokutana, njia iwe nyororo. Ung'oe bomba, utoe masizi yaliyoganda ndani kwa miaka. Mara nyingi nusu ya nguvu iliyopotea imelala humo. Tazama zile ndimi nyembamba kati ya kabureta na injini, ambazo Yamaha alianza kuzitia katika pikipiki zake za mapigo mawili mapema katika miaka ya 1970. Mwanga usipite chini yake. Ulimi uliopasuka hutema petroli nyuma.

Njia ya bei nafuu kuliko zote haimo ndani ya injini. Ni sproketi, magurudumu ya meno ya mnyororo. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawanya 42 kwa 14: ni 3. Ukitia ya nyuma yenye meno 45, 45 kwa 14 ni 3.21. Nguvu ya kuvuta imeongezeka kwa sehemu moja ya kumi na nne, na kasi imepungua kidogo tu. Hakuna kilichokatwa, na ukijuta wairudisha ile ya kwanza.

Wengine hutaka kukata kichwa cha silinda ili mgandamizo uzidi. Kidogo chafaa, hasa kwetu juu. Lakini pima kwanza. Chukua ule waya laini wa risasi ambao fundi wa redio hulehemia, uuingize kwa tundu la plagi mpaka uguse ukuta, uzungushe injini kwa mkono, kisha uutoe. Mwisho wake umebanwa. Pima unene wake: ukiwa umekaribia milimita 1, usikate tena, maana joto litakuja na tundu katikati ya pistoni.

Nimesema "kwetu juu". Singida mjini ni karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya saba. Hewa ikipungua na jeti ikabaki ile ile, petroli huwa nyingi kuliko itakiwavyo. Plagi huwa nyeusi na yenye maji maji, na pikipiki hukohoa. Fundi mwerevu hutia jeti yenye namba ndogo zaidi, na pikipiki hupata uchangamfu mara moja. Plagi hugeuka rangi ya kahawa yenye maziwa, ndiyo rangi tuitakayo. Ikiwa nyeupe kama mfupa, simama, jeti ni ndogo mno.

Sasa mwenye pikipiki aifurahia, akashuka nayo Sekenke kuelekea Shelui na Igunga. Huko chini hewa ni nzito zaidi. Jeti iliyotegwa kwa hewa ya juu sasa yatoa petroli haba, na oili haba. Tena katika mteremko ule mrefu amefunga kabisa mkono wa petroli, huku gia ikiizungusha injini mbio. Kama oili yake yachanganywa katika tangi, injini yazunguka karibu bila oili yoyote. Basi shikeni haya. Jeti ya kilimani itunzwe pamoja na jeti ya bondeni, zote mbili, katika kijaluba. Ukishuka mteremko mrefu, tumia breki, na kila mara vuta klachi na ufungue petroli kidogo ili injini inywe oili. Vidole viwili vikae juu ya klachi daima. Ukisikia mlio umebadilika, au nguvu inakatika pole, vuta klachi kwanza, kufikiri kutafuata.

Hesabu ya oili ni hii. Injini za zamani zichanganywazo tangini mara nyingi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, lakini soma kitabu au kibandiko cha tangi lako. Petroli lita 5 ni mililita 5,000. Gawanya kwa 25: ni mililita 200. Chupa ndogo ya maji ya nusu lita, ikijaa oili, yatosha lita 12 na nusu. Oili iwe ya tu-stroki, si ya bodaboda, wala si ile nyeusi iliyomwagwa kutoka gari la mtu. Na usidhani kwamba kuzidisha oili ni kuzidisha usalama. Oili ikiwa nyingi ndani ya mchanganyiko, petroli ipitayo katika jeti huwa chache, na joto huzidi. Wengi hushikwa na pistoni wakidhani wameilinda.

Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, likaushwe, lipakwe oili na kukamuliwa. Katika miezi ya vumbi fanya hivyo kila juma. Pikipiki hizi zina moshi, na hunywa petroli kuliko bodaboda za sasa. Ndiyo maana viwanda vingi vimeziacha. Mwenye kuitengeneza vema huupunguza moshi, lakini hauondoi wote.

Imebaki kuizoeza. Siku ya kwanza iwashe, iache ipate joto, uizime. Ipoe kabisa, mpaka waweza kuushika mkono silinda. Fanya hivyo mara tatu, kisha kaza tena nati za kichwa ikiwa baridi, kwa zamu ya kukingamana. Kilomita mia chache za kwanza usifungue petroli zaidi ya nusu, usipakie mtu, na usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kila kilomita kadhaa simama, toa plagi, utazame rangi yake.

Maswali ya darasa. La kwanza: tangi lina lita 8, na kibandiko chasema 1 kwa 25, je, utatia oili mililita ngapi? La pili: sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 45; ukitia ya nyuma yenye meno 48, mgao utatoka ngapi kuwa ngapi? La tatu: pistoni imetoka na mikwaruzo mahali panne kuizunguka, andikeni sentensi mbili kueleza sababu. Mwalimu akusanye majibu kabla ya kipindi kijacho, ambapo tutasema habari ya platini na kutega moto. Kwaherini.